Kuuzunguka Mlima kwa Ajili ya Stima ya Mto Wetu

Mlioniuliza kanisani, mlioniuliza sokoni Endarasha, na wewe dada yangu uliyenipigia simu mara tatu ukaishia kusikia vifaranga wangu tu, haya, nimekaa chini. Nimechelewa kuwaeleza kwa sababu kwa miezi kadhaa sikujua safari ile ilikuwa imeishia wapi. Sasa najua. Mvua imeshika kazi yake huko nje, na wateja wa vifaranga hawaji siku ya mvua.

Kwa msiojua, kijiji chetu kiko juu ya Endarasha, pale shamba la mwisho linapopakana na msitu. Laini kubwa ya stima, ile ya nchi nzima, haijawahi kutufikia. Yetu tulijitengenezea. Tulibeba mawe, tukachimba mfereji, tukayapeleka maji ya mto kwenye kibanda chenye turbini, lile gurudumu la chuma ambalo maji hulipiga nalo likazungusha jenereta. Nyumba zetu huwaka, mashine ya posho husaga, na mayai yangu hukaa kwenye joto hadi yaanguliwe. Mimi ni katibu wa kamati ya mradi huo.

Mwaka huu alikuja mwekezaji kutoka Nairobi. Alitaka kutuletea jenereta kubwa, kuongeza paneli za jua na kuvuta nyaya hadi ng'ambo ya bonde, ambako watoto bado husoma kwa koroboi. Lakini pesa zake zilikuja na masharti: tuwe na kibali cha mamlaka ya kawi, tuwe na bei iliyokubaliwa, tuingie mkataba wa miaka mingi. Barua ilikuwa ya Kiingereza, na mwenyekiti akanipa niitafsiri. Niliitafsiri kwa mkono kwenye karatasi za daftari. Katika ukurasa wa pili niliandika, kwa ule mwandiko wangu wa shule: "Mtunza mtambo aliyepo, kwa kuwa hana cheti cha ufundi, ataondolewa, na nafasi yake itapewa fundi mwenye cheti."

Mtunza mtambo aliyepo ni Kariuki, Baba Muthoni. Aliacha shule darasa la saba. Tangu siku ya kwanza ni yeye aliyetoa majani kwenye chujio la mfereji, asubuhi na jioni, Krismasi na matanga. Akisikia mlio wa turbini kwa mbali anajua kama kuna kijiti kimeingia.

Mwenyekiti aliposoma alikunja ile karatasi, akanirudishia. "Mama Njoki, hii mambo ya Kariuki tuiache kwanza," akasema. "Enda na yeye, mzunguke huo mlima, muone wenye stima ndogo kama sisi walifanya nini. Mfike mpaka kwa kile kikao ya mamlaka ya kawi huko Meru. Mkirudi tutajua vile tutamwambia."

Nikakubali. Hilo ndilo kosa langu, na nimeliweka hapa mapema msije mkanisifu bure.

Kutoka mtoni hadi Majengo

Tuliondoka Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya viazi kama blanketi ambalo mtu amelisahau. Kariuki alichelewa. Nilimkuta kibandani akimfundisha mkewe, ingawa Mama Muthoni ameujua mtambo ule miaka yote.

"Ukisikia inakohoa, usifunge maji mara moja. Punguza pole pole," alimwambia.

"Nimesikia, Baba Muthoni."

"Na ikinyamaza?"

"Ikinyamaza nitakupigia simu. Enda bwana, utaachwa."

Alitembea akigeuka nyuma hadi mto ukaacha kusikika. Hapo akasimama katikati ya njia, akatega sikio, kisha akaanza kutembea haraka kama mtu aliyeamua jambo.

Tulifika Nyeri mchana. Tulikuwa tumepanga kulala mtaa wa Majengo kwa rafiki yangu Mama Zuhura, ambaye hupangisha vyumba na kuuza mahamri karibu na msikiti. Nilikuwa nimemtumia ujumbe mfupi: "Nakuja na bwana mmoja wa kwetu, tutalala kwako, kesho tunaendelea." Sikuwaza zaidi. Mnajua mimi ni mjane wa miaka tisa.

Basi tulipofungua mlango tulikuta mkeka mpya, sinia la pilau, kachumbari, na wanawake wanne waliovaa vizuri. Mama Zuhura alinikumbatia huku machozi yakimtoka. Akamshika Kariuki mkono kwa mikono yake yote miwili. "Karibu shemeji. Karibu sana. Huyu ameteseka peke yake."

Kariuki akaitikia kwa heshima, "Asante mama, nimekaribia," akakaa, akaanza kula. Yeye hudhani watu wa mjini hupokea wageni wote namna ile. Mimi nilimvuta Mama Zuhura jikoni na kumweleza kwamba bwana yule ana mke wake na watoto watatu, na kwamba tumekuja kwa mambo ya stima.

"Sasa si ungeandika 'mzee'?" akasema, akijipangusa macho. "Bwana! Unaniandikia bwana!" Tukacheka hadi tukashikilia meza. Ilichukua muda mrefu kuwaeleza wale wanawake wengine mmoja mmoja bila kuwaaibisha, na muda wote huo Kariuki alikuwa peke yake pale mkekani na mizigo yetu. Jioni alipelekwa kulala kwa kaka yake Mama Zuhura, mlango wa tatu.

Asubuhi nilimkuta nje amekaa juu ya ndoo, anatazama watu wakitoka kuswali. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hukulala?"

"Hii stima ya hapa haina sauti," akasema. "Inatoka wapi? Mtu analala aje kama hasikii mahali inatoka?"

Nilidhani ndiyo sababu pekee.

Kiriaini, kwenye chai

Tulipata nafasi kwenye pikapu ya mtu wa maziwa aliyekuwa anarudi Kiriaini. Mvua ilianza Othaya, ikatusindikiza. Kabla hatujafika, lori la majani chai lilikuwa limeteleza likalala kando, pua mtaroni na mkia umeziba njia nzima. Mtu wa maziwa akazima injini, akafunika uso kwa kofia, akalala.

Tukajikinga kwenye kituo cha kupimia chai. Humo mlikuwa na wanawake kama kumi, kila mmoja na kikapu chake cha majani mabichi, wamekaa tu wakingoja lori ambalo lilikuwa limelala palepale mbele yao. Hakuna aliyekuwa na haraka. Mmoja alitutolea nduma kwenye kitambaa, zikiwa bado na moshi, mwingine akatumiminia chai kutoka kwenye chupa. Nje, vilima vilikuwa vinaonekana na kupotea, kijani juu ya kijani, na matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati kwa mpigo mmoja. Sijui tulikaa saa ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba nilisinzia nikaamka, na nilipoamka nilishindwa kukumbuka kama ni siku ya pili au ya kumi tangu tutoke nyumbani. Nilijisikia vizuri sana.

Mtu tuliyekuwa tunamfuata ni Mzee Njuguna, mkulima wa chai, ambaye zamani alikuwa mwenyekiti wa mradi kama wetu. Alitupokea kwa mwavuli, akatuteremsha hadi mtoni bila maneno mengi. Kibanda chao bado kimesimama. Turbini ipo. Kuku walikuwa wametaga ndani yake.

"Laini kubwa ilifika," akasema Mzee Njuguna. "Watu wakahamia huko, mmoja leo, wawili kesho. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilihama mwisho. Mwenye alitukopesha alikuja akaangalia, akaenda."

"Kwa hivyo laini kubwa ndiyo iliwaua?" nikauliza.

"Hapana. Ubaya haikuwa hiyo laini. Ubaya ni hatukuwa na karatasi inasema tukikutana na mwenye laini tufanye nini. Tungemuuzia stima yetu ya mto. Ama angetulipa hizi vyuma. Lakini hakuna mtu aliandika mahali. Kila mtu alikuwa anafurahia taa tu."

Niliandika maneno hayo neno kwa neno. Nilipoinua kichwa, Kariuki alikuwa amehamisha mayai, amepiga magoti mbele ya turbini. Alijaribu kuizungusha ikakataa. "Uko na mafuta?" akauliza. Mzee Njuguna akaleta mafuta ya pikipiki. Kariuki akavua koti, akaanza kukwangua kutu kwa kisu, bawa moja baada ya jingine. Mvua ilikatika, ikaanza tena. Alifanya kazi ile alasiri nzima, nasi tukamwangalia kama watu wanaoangalia mtu akimwogesha mgonjwa. Kisha akaweka kiganja, akasukuma, na gurudumu likazunguka, mara moja, mara mbili, kimyakimya, bila maji, bila waya, bila sababu yoyote.

Mzee Njuguna alisimama akilitazama mpaka likasimama lenyewe. "Haiya," akasema. Kisha akatupeleka nyumbani kwake, akatuchinjia jogoo.

Karatina hadi Chuka: mlima unageuka

Siku ya tatu tulipitia Mukurwe-ini hadi Karatina. Kariuki alikuwa ametoa koti lake kama kitambaa cha kusugulia kutu, kwa hivyo tuliingia kwenye mitumba kumtafutia jingine. Alichagua jaketi la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa, la wale watu wa kutengeneza barabara Ulaya, na maneno mgongoni ya lugha tusiyoijua. "Iko na joto," akasema. Kwa siku mbili zilizofuata jaketi hilo lilitupa matatizo na chakula kingi.

Kutoka Karatina tulielekea Kutus, kisha Embu, na njiani mlima ukaanza kugeuka. Nyumbani, mnajua, tunauona mbali mashariki jua linapochomoza, vilele vyake viwili vikisimama kama ndugu. Sasa ulikuwa kushoto kwetu. Kila ukungu ulipofunguka, ulikuwa mlima mwingine. Kilele kilichokuwa mbele kimeenda nyuma, mabega yamepanda, theluji imehamia upande usiofaa.

"Mama Njoki," akasema Kariuki, "huu si mlima yetu."

"Ni huohuo. Tumeenda upande ingine tu."

"Ati ni huohuo." Aliweka paji la uso kwenye kioo. "Kwa hivyo hawa watu wa huku wameona hii sura maisha yao yote. Na sisi tunaona ile. Na hakuna mtu amewahi kutuambia."

Kijiji tulichokuwa tunakitafuta kiko juu ya Chuka, kwenye bonde la migomba na kahawa. Dereva wa bodaboda alitushusha darajani, tukapanda kwa miguu. Tulisikia mashine ya posho ikisaga, redio ikiimba, hata mtu akichomelea vyuma. Tulipotokea kwenye kona, mwanamke aliyekuwa anaanua nguo alimwona Kariuki na jaketi lake, akaniona mimi na faili langu, akatupa nguo chini, akakimbia.

Redio ikanyamaza. Mashine ya posho ikapungua, ikalia kwa huzuni, ikasimama. Kijiji kizima kikawa kimya, ndege tu.

Tulipokelewa na mwanamke mnene wa makamo mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alijitambulisha kama Mama Karimi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama.

"Tumesikia mko na stima ya mto," nikasema.

"Stima?" Mama Karimi akatazama juu, moja kwa moja kwenye waya uliopita juu ya kichwa chake. "Sisi hapa hatuna stima. Tunatumia koroboi tu. Karibuni mkule."

Tukala. Kuku, mukimo, ndizi za kuchemsha, nyama, uji mchachu, kisha kuku mwingine. Kila nilipofungua mdomo kuuliza, sahani yangu ilijazwa. Watu walisimama kwenye kuta zote nne wakitutazama tukitafuna. Mbele yangu kulikuwa na balbu, na mtu alikuwa ameivika soksi.

Kariuki ndiye aliyeacha kula kwanza. Aliinua kichwa kama mbwa aliyesikia jambo.

"Maji yenu mmeyapeleka wapi?" akauliza.

"Maji gani?" akasema Mama Karimi.

"Mmefunga mtambo lakini hamjafunga mfereji. Maji inamwagika kando. Naisikia inakula mchanga." Alikuwa amesimama tayari. "Mama, ukuta ya mfereji itaenda."

Akatoka mbio, nasi wote nyuma yake, katikati ya migomba, wazee, watoto, mimi na faili langu. Kweli maji yalikuwa yamefurika juu ya mfereji na kuchimba shimo chini ya ukuta. Udongo ulikuwa unaanguka kwa mapande makubwa, na chini ya ukuta ule kulikuwa na nyumba mbili. Kariuki aliingia majini na suruali yake na viatu vyake hadi kifuani, akapapasa mlango wa mbao wa kutolea maji ambao ulikuwa umekwama kwa matope, akauinua kwa bega. Wanaume watatu wakamfuata. Maji yakageuka, yakarudi mtoni kwa kishindo, na shimo likaacha kukua.

Alipotoka alikuwa anatetemeka. Mama Karimi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe si mtu wa serikali," akasema.

"Mimi? Mimi ni wa kutoa majani kwa mfereji."

Kicheko kilichofuata sitakisahau. Kilianza na mwanamke aliyetupa nguo, kikapanda bonde zima. Soksi ikavuliwa balbu, redio ikarudi katikati ya wimbo. Baadaye, tukiota moto, Mama Karimi alitueleza kwa nini wanajificha. Walipoomba kibali mara ya kwanza waliambiwa walete mchoro wa mhandisi, na mhandisi alitaka malipo ambayo kikundi hakikuwa nayo. Tangu siku hiyo, kila mgeni mwenye faili ni mtu wa kuja kuwafungia.

"Na bei je?" nikauliza.

"Kila nyumba kwa hesabu ya balbu. Mwenye mashine ya posho analipa zaidi. Wakituambia tuweke bei kama ya laini kubwa, hatutaweza kununua hata beringi ya mtambo ikiisha. Tukiweka juu, nyanya wa pale chini atarudi kwa koroboi. Tumekaa hapo katikati miaka yote, tukiogopa tu."

Aliposikia tunakwenda kwenye kikao Meru, aliendelea kuchochea moto. Asubuhi alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya kanisani.

Meru, ukumbini

Barabara ya kutoka Chuka kwenda Meru hupinda na kupinda, kila bonde na mto wake. Mama Karimi alisinzia mbele. Kariuki alikuwa kando yangu, na kila tulipovuka daraja alisema polepole, kama anayehesabu ng'ombe, "Huu uko na nguvu. Huu umechoka. Huu ni mzuri."

Kisha, kwa sauti ileile, bila kunigeukia, akasema, "Mama Njoki, ile ukurasa ya pili niliisoma."

"Lini?" nikauliza.

"Majengo. Mlikuwa jikoni mnacheka. Karatasi zilitoka kwa mfuko, nikataka kuzipanga." Tukavuka daraja jingine. "Niliona ni mwandiko yako. Ile umeandika nayo kadi ya ubatizo ya Muthoni."

"Baba Muthoni, mwenyekiti alisema..."

"Najua mwenyekiti anaweza kusema nini. Mimi nilikuwa nangojea wewe. Nikasema, ataniambia Kiriaini. Nikasema, ataniambia Embu."

Ningependa kuwaandikia kwamba nilimwomba msamaha palepale kwa maneno mazuri. Nilitazama dirishani. Migomba ilipita, makanisa yakapita, mlima ulikuwa umejificha kabisa. Tulipoanza kuingia Meru ndipo niliposema, "Nilikosea. Niliogopa uso wako." Akatikisa kichwa kidogo. Haikuwa ndiyo wala hapana.

Kikao kilikuwa kesho yake, kwenye ukumbi mkubwa wenye viti vya plastiki. Tulingoja toka asubuhi hadi saa nane, watu wa paneli za jua wakizungumza, watu wa benki wakizungumza, feni ikizunguka juu yetu polepole. Afisa wa mamlaka alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, anaandika kila kitu. Jina letu lilipoitwa, nilisimama na hotuba ambayo mwenyekiti alikuwa ameniandalia, ya kusema tunakubali masharti yote na tunaomba kibali.

Niliiangalia. Nikaikunja.

"Niko na maswali mbili," nikasema, na nikajisikia nikiongea kama niko jikoni kwangu. "Ya kwanza. Laini kubwa ikitufikia, mtambo yetu inakuwa nini? Kiriaini kuna moja kuku wanatagia. Ya pili. Mtu ambaye ametunza mtambo tangu ianze na hana cheti, sheria inasema afukuzwe?"

Kabla afisa hajajibu, Mama Karimi akasimama. Hakuwa ameitwa. "Na mimi niko na ya kusema. Sisi juu ya Chuka tuko na stima na hatuna kibali. Juzi tumezima ili huyu mama asione, na karibu tuangushe ukuta juu ya watu. Nimechoka kujificha. Kama mnatufungia, mtufungie, lakini kwanza mkuje muone."

Yule afisa aliweka kalamu chini.

"Siwezi kukufungia kwa kuniambia ukweli, mama," akasema. "Nitakuja na mhandisi wetu. Hamtalipa mchoro." Kisha akanigeukia mimi. Alisema jambo la laini kubwa linafaa kuandikwa kwenye mkataba kabla ya pesa kuingia: kama tutauza stima yetu kwa laini, au tutanunua kutoka kwake na kusambaza, au tutalipwa na kuondoka. Mwekezaji asiyetaka kuliandika hilo, tumwulize kwa nini. "Kuhusu cheti, hapo siwezi kulegeza. Stima inaua. Lakini sheria haisemi mtu afukuzwe. Inasema awe na cheti. Kuna mtihani wa mafundi waliojifunza kazini."

Kariuki akasimama, na jaketi lake la machungwa likajaza ukumbi.

"Hiyo mtihani ni ya kuandika ama ya mikono?"

"Zote mbili."

Alifikiria. "Mikono niko nayo," akasema, akakaa.

Timau, Nanyuki, nyumbani

Tuliagana na Mama Karimi stendi ya Meru. Alinipa mkungu mzima wa ndizi ambao nilibeba hadi nyumbani nikiulaani na kuupenda.

Timau tulikwama tena, gurudumu limepasuka, dereva amekwenda kutafuta jingine. Tulikaa ukingoni mwa shamba la ngano. Baridi ilikuwa kali na anga safi, na mlima ulikuwa hapo, mkubwa, wa tatu sasa, si wetu wala si wa Mama Karimi. Ngano ilikuwa inapita na upepo kama maji. Tulikula ndizi mbivu nne.

"Kuandika ndiyo itanisumbua," akasema Kariuki.

"Nitakufundisha."

"Wewe?" Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu daraja lile akatabasamu. "Na usifiche ukurasa."

Nanyuki, Naro Moru, Nyeri, Mweiga. Kote huko mlima ulirudi polepole kuwa ule tunaoujua. Tulifika Jumamosi alasiri. Kariuki hakuingia nyumbani kwanza, alikwenda mtoni, na nilipofika nilimkuta na mkewe wamesimama kibandani, wakisikiliza.

Sasa yaliyofuata, ambayo ndiyo mliyokuwa mnauliza. Nilimwambia mwenyekiti kwamba sitatia sahihi yangu kwenye karatasi yoyote inayomfukuza Kariuki wala isiyotaja laini kubwa. Tuligombana wiki mbili. Watu wengine waliniona mimi ndiye ninayewanyima stima wa ng'ambo ya bonde, na kuna waliokuja kununua vifaranga kwangu bila kunisalimia. Mwekezaji alikubali la laini kubwa haraka kuliko tulivyotarajia. La Kariuki alilivuta, kisha akampa muda wa kufanya mtihani.

Mtihani aliufanya chuo cha ufundi Nyeri. Wa mikono alipita, wakamwita mwalimu mwingine aje aone. Wa kuandika akaanguka. Tukaanza upya, alasiri tatu kwa wiki, kwenye meza yangu, vifaranga wakilia. Alichukia alama za michoro. Siku moja alitupa kalamu nje ya dirisha, akaenda kuiokota mwenyewe. Mara ya pili akapita, si kwa alama nyingi.

Wiki iliyopita walikuja kutia sahihi. Tulikuwa tumedai mkataba uandikwe kwa Kiswahili, na Kariuki akaomba usomwe wote mbele ya kijiji, na ausome yeye. Wageni wa Nairobi walitazama saa zao. Alisoma kutoka ukurasa wa kwanza, kidole chini ya kila mstari, sauti moja, kama maji ya kiangazi. Ilichukua muda wa karibu saa mbili. Hakuna aliyeondoka. Alipomaliza akauliza kama kuna swali.

Mama mmoja wa ng'ambo ya bonde akainua mkono. "Na mto ukipungua je? Mwaka juzi ulipungua. Tutalipa bei ileile kwa giza?"

Wageni wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Wakanong'onezana kwa muda, mmoja akatoka kupiga simu, akarudi, akasema sawa, iongezwe: mto ukipungua, malipo yapungue. Akatafuta nani wa kuandika.

Mwenyekiti akaninyooshea mimi kalamu. Nami nikampa Kariuki.

Aliandika polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, mistari minne, na neno moja akalifuta akaliandika upya. Sisi sote tulingoja, na wa Nairobi wakangoja. Kisha akasaini jina lake lote, na chini yake akaandika kazi yake: fundi.